Maswali ya Wasomaji: Gari Linalosaidia, Dereva Anayesubiri

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: gari likianza kufanya sehemu ya kazi ya dereva, dereva anabaki na kazi gani? Tumechagua saba. Baadhi tumezifupisha.

Shikamooni wahariri. Nina Subaru Forester iliyotoka Japani, ina ule mfumo wa EyeSight, unaotazama barabara na kufunga breki wenyewe. Kioo cha mbele kilipasuliwa na jiwe, fundi akaweka kingine. Tangu hapo taa ya njano inawaka na kuzimika, pamoja na maandishi ya Kijapani. Inapozimika, mara mbili gari limefunga breki ghafla ilhali barabara ni tupu. Fundi ananiambia niachane nayo, "hiyo ni ya Japani." Nifanyeje?
*Msomaji, Moshi*

Marahaba. Usiachane nayo. Forester ya aina yako inaona mbele kwa kamera mbili zilizofungwa juu ya kioo, moja kushoto na moja kulia kwa kioo cha kutazamia nyuma. Inapima umbali kwa kulinganisha picha za kamera hizo, kama macho yako mawili yanavyofanya. Kwa hiyo kioo cha mbele ni sehemu ya jicho la gari. Kioo cha bei rahisi kinaweza kuwa na mawimbi madogo ambayo wewe huyaoni lakini kamera inayaona, na picha inapinda.

Ukitaka kujua ukubwa wa tatizo, fanya hesabu hii. Kamera ikikaa upande kwa digrii 1 tu, kitu kilicho mita 50 mbele kinaonekana kimehama karibu sentimita 87. Njia moja ya barabara kuu ina upana wa mita 3.5 hivi, maana yake robo ya njia imepotea. Nguzo ya kando au gari la njia ya pili linahesabiwa kuwa liko mbele yako, na breki zinafungwa.

Anza na kioo chenyewe. Hakikisha ni cha gari lenye EyeSight, na eneo lililo mbele ya kamera ni safi kabisa, halina tinti, stika ya bima wala ubao wa dashibodi unaong'aa na kuakisi juu. Usifute lenzi za kamera kwa kitambaa wala kidole. Baada ya hapo gari lipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya Subaru na ubao maalumu wa kupimia, afanye kalibresheni, yaani azipange upya kamera zitazame sawasawa. Sakafu iwe tambarare, matairi yawe na upepo sahihi, buti iwe tupu. Gunia mbili za mahindi nyuma zinainua pua ya gari, na kamera itapimwa ikitazama juu. Mpaka kazi hiyo ikamilike, zima breki hiyo inayojifunga yenyewe kwa kubonyeza kitufe chake na kukishikilia sekunde 2 au zaidi. Mfumo huo hurudi wenyewe kila unapowasha gari upya, kwa hiyo itakubidi ukizime kila safari.

Kuhusu rangi: alama nyeupe ya EyeSight inaonyesha mfumo umepumzika kwa muda, labda kwa ukungu, jua la jioni usoni au joto kali ndani ya gari. Ya njano inaonyesha hitilafu. Piga picha kila ujumbe wa Kijapani gari likiwa limesimama, utafsiri kwa programu ya simu inayosoma picha, kisha andika kwenye kadi alama, rangi na maana yake. Kadi ikae garini, kwa sababu anayeazima gari lako hajui hata hicho kidogo unachokijua wewe.

Wenye Toyota za Safety Sense, mfumo wa Toyota wa kazi kama hiyo, zinazotumia rada, hesabu ni ileile ila jicho liko pengine: rada imekaa nyuma ya nembo ya grili. Ukipaka nembo rangi au ukifunga bomba la chuma mbele yake, umeipofusha.

Naendesha kati ya Muscat na Salalah mara nne kwa mwezi. Gari linashika njia lenyewe na kufuata la mbele, lakini nikitoa mikono linanipigia kelele. Kama linaweza, linanitakia nini? Kama haliwezi, kwa nini waliliwekea?
*Dereva, Muscat*

Swali lako ni la msingi kuliko matangazo mengi ya magari. Chama cha wahandisi cha SAE kilitoa mwaka 2014 mgawanyo wa ngazi 0 hadi 5, na gari lako liko ngazi ya 2. Hapo gari linashika usukani, mafuta na breki, lakini mwenye kuangalia barabara muda wote ni wewe. Linaweza kwa sehemu kubwa ya safari. Sehemu ndogo ambayo haliwezi, mara nyingi halijui kwamba haliwezi.

Tatizo ni kwamba kazi ya kuangalia tu ndiyo inayomshinda binadamu. Mwaka 1948 Mwingereza Norman Mackworth alichapisha jaribio lililotokana na shida ya waangalizi wa rada wakati wa vita. Aliwakalisha watu mbele ya mshale unaoruka hatua moja moja kama wa saa, na mara chache ukiruka hatua mbili kwa mpigo. Kazi yao ilikuwa kuona mruko huo kwa muda wa saa 2. Baada ya nusu saa ya kwanza walianza kuikosa mingi zaidi. Hawakuwa wazembe: ubongo usiopewa kazi hupunguza ulinzi. Na mwaka 1983 Lisanne Bainbridge aliandika makala ambayo watafiti wa magari wanairudia hadi leo. Alieleza kwamba mtambo ukichukua kazi rahisi, binadamu anaachiwa zile ngumu peke yake, tena baada ya kumnyima mazoezi.

Barabarani hilo limeonekana. Tarehe 7 Mei 2016 huko Williston, Florida, Tesla Model S iliingia chini ya trela lililokuwa likivuka barabara, na dereva akafa. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilisoma kumbukumbu za gari. Katika safari ya dakika 41, mfumo wa kujiendesha ulikuwa umewashwa dakika 37, na katika muda huo gari lilihisi mikono kwenye usukani kwa jumla ya sekunde 25.

Ndiyo maana ya zile kelele. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 79 inataka gari la namna hii lionye kwa alama ndani ya sekunde 15 za kutoshika usukani, liongeze sauti na rangi nyekundu ndani ya sekunde 30, na lizime usaidizi huo ndani ya sekunde 30 nyingine kama bado hujashika. Ubora wa onyo unategemea gari linakupima kwa nini. Magari mengi hupima msokoto wa usukani, na hiki ni kipimo dhaifu. Mkono uliotulia kwenye barabara iliyonyooka hausokoti chochote, kwa hiyo unaonywa bure. Upande mwingine, kitu kizito kilichoning'inizwa kwenye usukani kinalidanganya gari, na watu wamefanya hivyo. Kipimo kinachohisi ngozi ni bora zaidi, lakini mkono si jicho. Kamera ya miali isiyoonekana, kama ile General Motors waliyoanza kuiweka juu ya mhimili wa usukani mwaka 2017, inafuata uso na kope. Hii ndiyo tunayoiamini zaidi, ingawa baadhi ya miwani ya jua huizuia na kofia iliyoshushwa huificha sura.

Kwa njia yako, weka mikono pande mbili za usukani, usawa wa katikati, na uuvute kwa uzito mdogo wa mkono mmoja ili gari likuhisi bila kuhama. Zima kabisa usaidizi panapojengwa barabara, mchanga unapofunika mistari, na ukiingia maeneo ya ngamia kuelekea Salalah. Kwa maoni yetu, kila saa endesha pia dakika 15 au 20 bila usaidizi wowote. Ukiona kuushika usukani mwenyewe kumekuwa kazi ngeni, simama upumzike.

Mume wangu anataka Mercedes yenye Drive Pilot. Anasema humo ataangalia mpira kihalali kwenye foleni ya barabara kuu. Ni kweli? Na gari likishindwa linampa sekunde ngapi?
*Msomaji, Stuttgart*

Dada, kwa sehemu ni kweli. Hiyo ni ngazi ya 3, ambapo gari likiwa limewasha mfumo ndilo linaloangalia barabara. Ujerumani iliidhinisha Drive Pilot Desemba 2021 kwa mwendo wa hadi kilomita 60 kwa saa, na baadaye kikomo kikapandishwa hadi 95. Sheria ya barabara ya huko, kifungu cha 1b kilichoongezwa 2017, inamruhusu dereva kugeuza mawazo yake pembeni, ila abaki katika hali ya kutambua anapoitwa. Kulala hakuruhusiwi, wala kuhamia kiti cha nyuma.

Sekunde zimeandikwa kwenye kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 157. Gari likitaka kurudisha usukani linamwita dereva, na wito lazima uongezwe ukali ndani ya sekunde 4. Asipojibu kwa sekunde 10 linaweza kuanza kujisimamisha lenyewe kwa kupunguza mwendo taratibu na kuwasha taa za hazadi. Kanuni hiyo pia inalitaka gari lithibitishe kwamba dereva yupo. Lisipopata angalau dalili 2 za uhai wake ndani ya sekunde 30, kama kupepesa macho au kusogeza kichwa, linamhesabu hayupo na kuanza kumwonya.

Sekunde 10 kwa mwendo wa 60 ni mita 167, na kwa 95 ni mita 264. Je, zinatosha? Hapa lazima tutenganishe mambo mawili. Kushika usukani ni haraka. Katika majaribio ya chuo kikuu cha ufundi cha Munich yaliyochapishwa 2013, madereva waliitwa sekunde 5 au 7 kabla ya kizuizi na waliweza kushika. Lakini waliopewa 5 waliamua haraka zaidi na vibaya zaidi: walikanyaga breki kwa nguvu na hawakutazama vioo vya kutosha. Kuendesha vizuri kunachukua muda mrefu zaidi. Kwenye simuleta (mtambo wa kuigiza uendeshaji) ya chuo kikuu cha Leeds, mwaka 2014, ilichukua sekunde 35 hadi 40 mpaka dereva atulie katikati ya njia kama kawaida yake. Na katika chuo kikuu cha Southampton, 2017, madereva walipoachiwa wachague wenyewe wakati wa kupokea, bila dharura, walitumia kuanzia sekunde 1.9 hadi 25.7. Anayebuni gari akiangalia wastani tu, yule wa 25.7 anamsahau.

Kwa hiyo mume wako aangalie mpira kwenye skrini ya gari, asiweke tableti mapajani. Kitu kilicho mkononi kinatafutiwa kwanza pa kukiweka, na sekunde zinakwisha. Kiti kisilazwe. Wito ukija, macho yaende barabarani kwanza, kisha vioo, mikono kwenye usukani, mguu juu ya breki, ndipo azime mfumo. Wengi wanafanya kinyume: wanazima ile kelele kwanza, halafu ndipo wanatafuta kuna nini mbele.

Naendesha teksi ya programu hapa Mombasa. Nina simu kwenye kishikio na redio ya Android ya inchi 10. Abiria mmoja kanikemea kwamba skrini ni hatari kuliko pombe. Ni hatari kweli au ananitishia?
*Dereva, Mombasa*

Kaka, hatutalinganisha na pombe. Tutakupa vipimo. Katika utafiti wa Virginia Tech uliofunga kamera kwenye magari 100 ya watu wa kawaida, ripoti yake ikatoka 2006, kuondoa macho barabarani kwa zaidi ya sekunde 2 kuliongeza hatari ya ajali au kuponea chupuchupu angalau mara mbili. Kwa mwendo wa kilomita 60, sekunde 2 ni mita 33. Kwa msingi huo, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilitoa mwongozo mwaka 2013: mtazamo mmoja kwenye skrini usizidi sekunde 2, na kazi nzima isile zaidi ya sekunde 12 za macho.

Sasa pima kazi zako. Kukubali safari kwa kitufe kimoja kikubwa ni mtazamo mmoja. Kuandika jina la mtaa Nyali au Changamwe kwa herufi hakuingii kamwe kwenye sekunde 12.

Kwa nini kitufe cha zamani kilikuwa salama zaidi? Kina ukingo. Kidole kinakifikia kwa kupapasa, kinahisi kimebonyea, macho hayahitajiki. Kioo laini hakina ukingo, kwa hiyo jicho linaongoza kidole mpaka mwisho na kurudi tena kuhakikisha. Jarida la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lililipima jambo hili 2022 kwa mwendo wa kilomita 110. Volvo V70 ya mwaka 2005 yenye vitufe ilimaliza kazi nne, kama kubadili stesheni ya redio na joto la ndani, kwa sekunde 10 na mita 306. Gari jipya lililofanya vibaya zaidi kwa skrini lilitumia karibu sekunde 45 na mita 1,372. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, kuanzia Januari 2026 wanataka indiketa, hazadi, waipa, honi na wito wa dharura viwe na vidhibiti vya kushikika ili gari lipate alama kamili. Tunaona wamechelewa, lakini heri.

Kwa gari lako: simu iwe juu kiasi kwamba kitovu chake hakishuki zaidi ya digrii 30 chini ya usawa wa macho. Ikiwa iko sentimita 70 mbele ya uso wako, isiwe chini kwa zaidi ya sentimita 40, wala isizibe kioo au vioo vya kando. Ramani iwe kwenye simu peke yake, redio ibaki redio, kwani skrini mbili zinazosema mambo mawili zinagawa macho mara mbili. Usiku punguza mwanga kabla ya kuondoka. Namba za kupiga, stesheni na njia vipangwe ukiwa umeegesha. Na redio za bei rahisi zina ugonjwa wa kuchelewa: unagusa, haijibu, unagusa tena, inafungua kitu kingine. Ukiona inachelewa nusu sekunde, usiiguse gari likiwa kwenye mwendo, kwa sababu kila kosa ni mtazamo mwingine.

Basi niongee na gari kwa sauti, si nimemaliza tatizo?
*Msomaji, Nairobi*

Umepunguza la macho, la akili limebaki. Timu ya David Strayer ya chuo kikuu cha Utah, ikifanya kazi na wakfu wa chama cha madereva wa Marekani AAA, ilionyesha mwaka 2015 kwamba baada ya kumaliza kuzungumza na mifumo iliyo mibaya zaidi, umakini ulichukua hadi sekunde 27 kurudi. Kwa kilomita 40 kwa saa hizo ni mita 300. Kinachochosha zaidi ni kusahihisha. Google waliongeza Kiswahili kwenye uandishi wa sauti mwaka 2017, lakini ukichanganya Kiswahili, Sheng na jina la mtaa, mashine ikikosea utajikuta unabishana nayo kwenye mzunguko wa barabara. Ikikosea mara moja, iache mpaka usimame.

Niko Phoenix na watoto wawili. Teksi za Waymo hapa hazina mtu mbele. Nyumbani Tanga tulifundishwa kumtazama dereva machoni kabla ya kuvuka. Hapa nimtazame nani?
*Mama, Arizona*

Mama, tazama magurudumu. Mwaka 2015 watafiti wa Stanford walimficha dereva ndani ya vazi lililofanana na kiti, gari likaonekana tupu, kisha wakaangalia waenda kwa miguu wanavyolipokea. Wengi walivuka kama siku zote ilimradi gari lilipunguza mwendo mapema na likasimama mbali kidogo na kivuko. Walisita lilipofanya mambo yasiyotarajiwa, kama kusimama halafu kusogea kidogo. Mwendo wa gari ndiyo lugha yake. Kwa hiyo wafundishe watoto wasubiri mpaka magurudumu yasimame kabisa, ndipo wavuke, na wakague njia ya pili kabla ya kuikanyaga, kwa kuwa gari lililosimama huziba linalokuja.

Kuna wanaotaka gari lionyeshe maandishi au taa ya kusema "vuka". Hatuyapendi maandishi. Mtoto hasomi, mgeni hajui lugha, na kama mko watatu mnaotazama hamjui nani ameambiwa. Taa ya rangi ya feruzi, ambayo Mercedes waliruhusiwa kuitumia California na Nevada mwishoni mwa 2023, inasema tu kwamba gari linajiendesha. Hiyo inatosha. Huku kwetu tunajua ugumu wa ishara zenye maana mbili: dereva akikupigia taa kubwa Tanga, mmoja anamaanisha pita, mwingine anamaanisha kaa hapo nakuja.

Nasoma uhandisi Dar es Salaam. Nataka mradi wa mwaka wa mwisho upime kama skrini niliyobuni inamvuruga dereva. Chuo hakina simuleta. Nianzie wapi, kwa gharama ndogo?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Kwanza kabisa: usipime barabarani, hata usiku, hata na rafiki. Pata kibali cha maadili cha chuo na saini ya kila mshiriki.

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni cha kufumba macho, kilichoandikwa kwenye kiwango namba 16673 cha ISO, shirika la kimataifa la viwango. Mshiriki anafanya kazi ya skrini huku akiona sekunde 1.5 na kufumbwa sekunde 1.5, kwa zamu. Miwani maalumu ya kufanya hivyo ni ghali. Badala yake andika programu inayoifanya skrini yako iwe nyeusi kwa vipindi hivyo. Hapa wengi hukosea: wakati wa giza skrini lazima iendelee kupokea mguso, kwa sababu barabarani mkono hauondoki jicho linaporudi mbele. Jumlisha muda wa kuona aliotumia, kisha ugawe kwa muda anaotumia kufanya kazi ileile bila kufumbwa. Ukipata zaidi ya 1, skrini yako inampotezea mtu mahali alipofikia. Hapo tafuta menyu ndefu, orodha inayojisogeza yenyewe, au ukurasa unaojifunga kabla hajamaliza. Kiwango kinataka washiriki wasiopungua 10. Ukiweza, fuata mpangilio wa mwongozo wa Marekani: watu 24, sita kwa kila kundi la umri, 18 hadi 24, 25 hadi 39, 40 hadi 54, na 55 kuendelea. Kazi inafaulu kama 21 kati ya 24 wako ndani ya kikomo cha sekunde 12 za kuona. Usilete wanadarasa wenzako 24, matokeo yatakuwa ya vijana wenye macho mazima waliozaliwa na simu mkononi.

Kipimo cha pili kinapima mzigo wa akili, nacho kiko kwenye ISO 17488. Unahitaji bodi ya Arduino (kompyuta ndogo ya kuendesha vifaa vya umeme), taa nyekundu ya LED ya milimita 5 na rezista ya ohm 220 (au mota ndogo ya mtetemo ya simu, inayobandikwa begani), na swichi ndogo inayofungwa kwenye kidole cha shahada cha kushoto. Kichocheo kinakuja kila baada ya sekunde 3 hadi 5 bila mpangilio. Kinadumu sekunde 1 au mpaka mtu abonyeze swichi dhidi ya usukani. Jibu lililo kati ya milisekunde 100 na 2,500 linahesabiwa. Chini ya 100 amebahatisha, juu ya 2,500 amekosa. Mota usiiunganishe moja kwa moja kwenye pini ya bodi, itaiunguza. Pitisha kwenye transista na uweke dayodi. Muda urekodiwe na bodi yenyewe, kwa kuwa Bluetooth huongeza ucheleweshaji unaobadilika na kuharibu vipimo vyote.

Kwa kazi ya kuendesha, programu huria ya CARLA inayoigiza barabara kwenye kompyuta ni nzuri lakini inataka kompyuta yenye kadi kubwa ya picha. OpenDS ni nyepesi zaidi. Kagua upande wa barabara. Ramani za CARLA ni za kuendesha kulia, na mshiriki wako aliyezoea kushoto atatumia akili yake kupambana na hilo, wewe udhani ni skrini yako iliyomlemea. Wengine watasikia kichefuchefu. Weka feni, kipindi cha kwanza kisizidi dakika 10, punguza kona kali. Waulize dalili kabla na baada kwa dodoso la Kennedy la 1993 lenye dalili 16, na asiyejisikia vizuri asiondoke na pikipiki.

Panga zamu ili nusu waanze na skrini yako na nusu waanze na redio ya vitufe. Usipofanya hivyo, cha pili kitaonekana bora kwa sababu tu wamezoea. Fanya majaribio na watu 3 kabla ya kuanza, na data zao usizihesabu.

Mwisho wa kila zamu wape NASA-TLX, maswali 6 kuhusu uzito wa kufikiri, nguvu za mwili, haraka, mafanikio, juhudi na kuudhika. Tafsiri kwa Kiswahili, mwombe mtu ambaye hajaona ya awali airudishe Kiingereza, kisha linganisha. Angalia swali la mafanikio: mizani yake imegeuzwa, upande wa kushoto ni vizuri na kulia ni vibaya, tofauti na mengine ambayo kushoto ni kidogo na kulia ni kingi. Washiriki wengi hutia alama upande usio sahihi hapo. Kaa nao, wasomee swali hilo kwa sauti, na waonyeshe kwa kidole mwisho upi ni upi kabla hawajaandika.